Kibao ya Jina Yangu Mu Bustani ya Mimea

Siku ya kwanza, tarehe 1 mwezi wa munane 2022. Bihambwe.

Mukutano ya shirika ya walimaji leo asubuyi. Habari kubwa! Bustani ya mimea ya Bukavu, ile ya zamani yenye Wabeleji waliacha, imetualika. Watu watatu. Siku mbili ya kutembelea bustani, na muze, nyumba ya makumbusho, iko ndani yake. Safari na kulala ni juu yao. Nafasi mbili zimeisha kutoka. Ya kwanza ni ya Mama Colette, juu njo présidente wetu. Ya pili ni ya Karangwa, jirani yangu, juu anachunga pépinière ya shirika. Miche mia mbili, na anatembea katikati yake sawa gavana mwenye kukagua askari. Nafasi ya tatu: kura.

Nikasimama. Nikaeleza namna ninapenda mimea tangu utoto. Nikatia maneno tatu ya Kilatini, yenye nilisoma ku karatasi ya dawa ya minyoo. Makofi? Hata moja. Patient, mwalimu ya biolojia, akapata kura makumi mbili na sita. Mimi mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa mukono ya Emérita, bibi yangu wa ndoa. Mu njia ya kurudi nikamushukuru. Akasema alikuwa anafukuza nzi.

Nyumbani nikamuelezea mama mukwe, Mama Umurerwa, kwamba kuna watu wanaenda Bukavu kuona muze. Akauliza muzee gani. Nikasema ile ya Bukavu, ya zamani sana. Akauliza kama iko mugonjwa. Nikasema hapana mama, ni nyumba, imejaa nyama za pori zenye zilikufa. Akashika tama. Akasema kuzeeka peke yako mu nyumba yenye kujaa nyama za kufa ni mateso, na watoto wake wako wapi?

Nitaenda Bukavu. Namna gani, sijue. Lakini nitaenda.

Siku ya tatu, tarehe 3.

Benoît amefika toka Walikale. Benoît alimuoa dada yangu Naomie. Iko mulimaji na muwindaji, na maneno yake anaitoa moja moja sawa inauma. Ameleta samaki ya kukauka na ile kitu nilimuomba tangu Pasaka: mumea moja ya pori yenye niliona kwake. Majani yake iko na madoa meupe sawa muntu amenyunyiza maziwa. Ua yake ni ndogo, ya zambarau, na inanuka soksi.

Sasa naandika siri. Nilisoma ku telefone kwamba muntu akivumbua mumea yenye haijulikane, jina yake inawekwa juu ya ile mumea kwa Kilatini. Milele! Wazungu wote na Wachina wote watalazimika kuitamka.

Niko na miaka makumi tano na moja. Jina yangu imeandikwa mahali moja tu mu dunia hii, ku karte ya kupigia kura, na pale waliandika Nzabandola, na L mahali ya R. Nyumba ya baba ilikuwa na jina yetu juu ya mulango, aliichonga mwenyewe na kisu. Mulango iliungua pamoja na nyumba, mwaka ile ya vita tulikimbilia Mweso. Tangu pale sijaiona imeandikwa vizuri mahali popote. Basi. Turudi ku mumea.

Nikamuuliza Benoît nani anaijua mumea hii. Akasema kila muntu. Nikauliza kama iko na jina. Akasema iko nayo, akafungua kinywa. Nikaziba masikio. Muvumbuzi hapashwe kusikia mambo ya namna ile. Aliendelea, nilisikia kitu juu ya mbuzi, nikaimba na sauti ya juu mpaka akanyamaza.

Siku ya ine, tarehe 4.

Nimeenda kumuamkia Patient na mandazi moto. Patient alizaliwa mu milima na hajawahi kupanda mashua. Nikamuelezea ziwa. Upepo. Maji nyeusi sawa wino. Sanduku ya nguo yenye inaelea, na hakuna mwenye kuiulizia. Nilipoona bado anatafuna mandazi, nikaongeza kiboko. Mu ziwa Kivu hakuna kiboko, lakini Patient anafundisha biolojia mu kitabu tu.

Saa tisa alimuandikia Mama Colette barua: iko na “majukumu ya familia.” Mama Colette akatoka inje kutafuta muntu wa kuchukua nafasi yake. Nilikuwa nimesimama ku mulango yake, nimevaa koti.

Ushindi!

Shida moja ndogo. Wakati nilikuwa namuelezea Patient ziwa, nilijisikiliza. Mimi pia sijawahi kupanda mashua. Tangu mchana miguu iko baridi.

Siku ya sita (posho), tarehe 6. Bukavu.

Jana tumetoka Bihambwe na gari ya birayi, juu ya magunia ya viazi, tukapita Sake, tukalala Goma kwa ndugu ya Mama Colette. Mizigo yangu: mumea ndani ya bidon ya kukatwa, imefunikwa na kitambaa ya majimaji. Na fromage nzima, jibini ya ngombe zetu, kilo mbili, yenye mama mukwe ametuma kwa ule muzee mugonjwa. Nilikataa. Akasema nikimunyima muzee wa watu chakula, nisirudi kwake.

Karangwa amevaa viatu vipya. Farde ya karatasi chini ya kwapa. Juu yake ameandika: “Ujumbe ya Bihambwe.” Nikauliza nani alimuchagua kuwa karani. Akasema hakuna, lakini njo yeye mwenye kalamu ya marqueur. Halafu akanusa. Akauliza ni nini inanuka. Nikasema fromage. Akanusa tena. Akasema fromage na soksi.

Bateau, mashua kubwa ya ziwa. Sitaandika mingi. Nilitapika toka Goma mpaka Bukavu. Mama Colette alinishika mukaba nisianguke mu maji. Karangwa alikula mayai tatu ya kutokota mbele yangu, polepole, na chumvi. Akaniuliza kama nataka ya ine.

Nikiwa nimelala juu ya mbao sawa gunia, Mama Colette akanielezea kitu yenye anaenda kutafuta. Si miti. Si muze. Ni maharagi. Mama yake alikuwa na maharagi nyeusi, na duara nyekundu pembeni ya jicho. Ilikuwa inapanda kupita kichwa ya muntu, na mvua yenye kuozesha zingine haikuiweza. Wakati ya kukimbia, walifika Mweso na beseni moja ya mbegu. Shamba hakukuwa. Watoto walikuwa na njaa. Wiki moja, beseni ikaisha.

“Niliipika mimi mwenyewe, Papa Nzabandora,” akasema. “Na ilikuwa tamu. Njo kitu yenye inaniuma.”

Tangu pale, ku kila soko toka Mweso mpaka Walikale, anaingiza mukono mu magunia ya watu na kutafuta. Sista moja wa paroisse alimuambia kwamba bustani ya Bukavu inachunga maharagi ya zamani.

Nikamuambia pole mama. Nilitaka kuongeza neno nzuri. Nikatapika.

Siku ya kwanza, tarehe 8.

Nimeona bustani! Nimeona muze! Sijue nianzie wapi.

Ku mulango kuna njia ya mitende ya zamani, mirefu kupita kanisa yetu. Wabeleji waliipanda na kamba, hakuna hata moja yenye kupinda. Kisha nyumba ya vioo, nusu ya vioo imevunjika na ndege wanajenga ndani. Kila muti iko na kibao. Kila kibao iko na Kilatini.

Muze ni nyumba ya matofali, sakafu inalia ukikanyaga. Mifupa ya tembo muzima. Mamba ya kukausha. Vipepeo mu droo, mia na mia, kila moja na sindano mu mugongo. Okapi yenye kujazwa majani ndani ya ngozi: jicho ya kuume ilianguka, wakatia kifungo ya koti. Inakuangalia sawa muntu mwenye anajua kitu juu yako. Karangwa alitoa kofia mbele ya tembo, sawa ku kilio. Mama Colette hakutazama tembo. Aliuliza tu: maharagi iko wapi?

Mwenye kutuongoza anaitwa Mama Astrid, conservatrice, mwenye kuchunga muze. Miwani, sauti ya chini, na anajua kila kitu. Akasema maharagi iko, upande ya nyuma, tutaiona kesho. Mama Colette akamushika mukono na hakumuachilia mpaka tulimaliza vipepeo.

Sasa sikia. Mbele ya muti moja nilisoma Kilatini yenye jina ya Mubeleji ndani. Nikauliza huyu alikuwa nani, jenerali? Mama Astrid akasema hapana, karani ya posta. Alipenda kutembea siku ya yenga, nyuma ya misa.

Karani ya posta! Kutembea!

Nikamuvuta Mama Astrid kando. Nikauliza, mufano tu, muntu akiwa na mumea mupya anafanya nini. Akaeleza: kuikausha, kuleta ua na tunda, kuandika mahali na tarehe, kuilinganisha na karatasi zote za zamani, kutuma kwa wataalamu, kungoja. Miaka mbili. Labda tatu. Akauliza kama niko nayo. Nikasema hapana, juu Karangwa alikuwa amesimama nyuma ya mamba, masikio wazi.

Miaka tatu! Mu miaka tatu Karangwa anaweza kuvumbua pori muzima.

Nimefikiri vizuri. Mumea ikiwa imeisha kusimama mu bustani, na kibao yake mbele, nani atauliza maswali? Mimi mwenyewe leo nimesoma vibao makumi ine, na nimeamini zote.

Kizuizi iko moja: Samy, mutunza bustani. Papa mumoja mukondefu mwenye anazunguka kutwa muzima na jembe. Lakini saa sita anakula. Na mimi niko na fromage.

Siku ya pili, tarehe 9.

Naandika nimefunga mulango.

Saa sita kamili nikamupelekea Samy fromage. Nikasema ni zawadi ya kwetu Masisi kwa mutumishi mwaminifu. Macho yake ikajaa machozi. Akasema iko hapa miaka makumi tatu na hakuna mugeni alimuletea kitu. Akaenda kula ku kibanda yake. Nikajisikia vibaya. Kidogo. Ilipita.

Nikaenda upande ya nyuma. Nikapata mahali muzuri: udongo laini, mweusi, yenye kumwagiliwa. Ilikuwa na magugu tu, vikamba vya kukauka vimepanda juu ya vijiti kumi na mbili. Nikashangaa bustani kubwa namna hii kuvumilia magugu. Nikaingoa yote. Nikasokota, nikaingiza mu mifuko ya koti, na yenye ilibaki ndani ya shati. Pale chini kulikuwa kibao ndogo ya mbao, na herufi na namba. Nikaigeuza. Upande ya nyuma, na marqueur ya Karangwa (niliiazima bila kumusumbua), nikaandika kwa herufi kubwa: NZABANDORA BIHAMBWENSIS.

Nikapanda mumea yangu. Nikaimwagilia. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasimama wima.

Jina yetu. Bila kosa. Nilifikiri juu ya baba na kisu yake.

Nilikuwa nafuta macho wakati Samy alifika. Hakukuja kunikamata. Alikuja kunishukuru tena, na kipande ya mukate mu mukono, na fromage juu yake. Ilikuwa ya kunipa mimi.

Akatazama mumea. Akatazama kibao. Akatazama vijiti kumi na mbili, tupu. Mukate ikaanguka.

Na dakika ile ile, Mama Astrid akatokea upande ya nyumba ya vioo. Alikuwa anamuleta Mama Colette kuona maharagi yake, na Karangwa nyuma yao.

Haikukuwa magugu. Ni maharagi ya Masisi, yenye ilichukuliwa kwetu zamani sana, na kila mwaka bustani inapanda mustari moja, miche kumi na mbili, mbegu isipotee. Baba ya Samy alipanda. Kisha Samy. Wakati ya vita alipanda. Miezi yenye mushahara haikukuja, alipanda. Miaka yote ile hakuna muntu alikuja kuulizia ile maharagi, mpaka leo.

Mama Colette hakunifokea. Aliona ganda moja inachungulia mu kola ya shati yangu. Akakaribia, akaitoa polepole, akaipasua na kidole. Nyeusi. Duara nyekundu. Akakaa chini mu udongo, na liputa yake, kitenge ya yenga.

“Njo hii,” akasema. “Samy, baba yangu, njo hii.”

Samy akainama. Alikuwa anaokota mukate.

Mama Astrid akatutoa inje, wote watatu. Kesho saa mbili tuko mu biro yake. Karangwa hajaniambia hata neno moja tangu mchana. Ningependa anitukane.

Siku ya tatu, tarehe 10.

Nilienda mu biro na mupango. Mupango ilikuwa nzuri: nitasema Samy njo alinipa ruhusa, sababu ya fromage. Fromage ni ushahidi. Samy ni muntu mupole, hangebisha sana.

Mama Astrid akauliza nani alifanya kazi hii. Nikafungua kinywa. Nikamuona Samy ku mulango. Alikuwa ameshika kibao ndogo, anaisugua na kitambaa ya majimaji kutoa jina yangu. Hakukuwa na hasira mu mukono yake. Alikuwa anaisugua sawa muntu anaosha mutoto uso.

Nikashindwa. Nikasema ni mimi. Nikasema Mama Colette hakujua kitu, Karangwa hakujua kitu, mimi wanifukuze lakini Mama wamuache na mbegu yake. Ni mara ya kwanza mu maisha yangu kusema ukweli nikiwa na uongo tayari. Inachosha sana. Simushauri muntu.

Halafu Karangwa akasimama, na viatu vyake vipya.

“Mama, tulikuja watatu,” akasema. “Kosa ni ya sisi watatu.”

Wema ile sitamusamehe hata siku moja.

Mama Astrid akasimama. Kisha akaenda ku kabati, akatoa karatasi kubwa ya kukunjwa, akaifungua juu ya meza. Ndani yake, mumea yangu! Ya kukauka, rangi ya tumbako, lakini madoa bado inaonekana. Iliokotwa Walikale, mwaka 1934. Jina ya Kilatini, ndefu. Chini, jina ya muzungu mwenye alileta. Na chini kabisa, kwa kalamu ya makaa, Kifaransa: wenyeji wanatumia hii kwa minyoo ya mbuzi, imeonyeshwa na muwindaji mumoja.

Nikauliza ule muwindaji aliitwa nani. Mama Astrid akasema haikuandikwa. Akageuza karatasi atafute nyuma. Nyuma pia hakuna kitu.

Nikafikiri juu ya ule muntu. Amesimama mu pori ya Walikale, ananyoosha kidole, anaeleza mambo ya mbuzi. Na muzungu anaandika kila kitu, majani, ua, udongo, tarehe, isipokuwa jina ya mwenye anaongea. Nikatazama nyuma ya ile karatasi. Karibu dakika mbili nzima. Karangwa akaniuliza kama nataka kutapika.

Kisha wakaniambia nitoe vitu vyote mu mifuko. Nikatoa. Mu shati pia. Maganda ilikuwa imekauka vizuri. Tukaipasua juu ya meza, Samy na Mama Colette upande moja, mimi na Karangwa upande ingine. Mbegu mia moja na nane.

Mama Astrid akaeleza sheria. Mbegu ya mumea yenye kusimama haitoke mu bustani bila barua ya Kinshasa. Barua inaweza kuchukua mwaka, na mwaka ingine kwa jibu. Mama Colette akainamisha kichwa. Mama Astrid akatoa miwani, akaipangusa. Akasema lakini juu ya mumea yenye imengolewa na mugeni wa akili fupi, sheria haiseme kitu. Formulaire yake, karatasi ya kujaza, haiko. Akatupa mugongo, akaenda ku dirisha kutazama mitende. Aliitazama sana, kwa muntu mwenye anaiona kila siku.

Samy akagawa. Makumi tano na ine huku, makumi tano na ine kule. Akafikiri. Akatoa sita ku sehemu yake, akasukumia Mama Colette. Mama akazifunga mu kitambaa ya kichwa, akaweka ndani ya nguo, ku kifua. Kisha akamushika Samy mikono mbili, na wakasimama vile.

Mimi nilitia sahihi karatasi: nisikanyage bustani tena. Kwa kutoka nikamuomba Samy musamaha. Akasema fromage ilikuwa nzuri.

Siku ya tano, tarehe 12. Bihambwe.

Bateau: nilitapika. Mama Colette alikuwa bado haniongeleshe. Lakini mawimbi ilipoanza, nilisikia muntu ananishika mukaba. Ni yeye. Mukono ingine iko ku kifua, juu ya mbegu.

Mama mukwe aliuliza mbele ya kunisalimia: muzee alikula fromage? Nikasema alikula, tena alilia. Akashukuru Mungu. Emérita tayari alikuwa na habari yote, bibi ya Karangwa alifika mbele yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kila alipotaka kunipa chakula aliona uso yangu na kuanza upya. Nilikula birayi baridi.

Benoît alikuwa bado hapa. Nikamuelezea ile karatasi ya muze. Hakucheka. Akasema babu ya baba yake alikuwa anatembeza wazungu mu pori, miaka ile, labda ni yeye, labda ni ndugu yake, hawezi kuapa. Nikamuomba jina ya babu. Akaniambia. Nimeiandika ku ganda ya daftari hii, kubwa, na tarehe. Halafu akaniambia jina ya mumea pia, na safari hii sikuziba masikio. Kweli inahusu mbuzi.

Siku ya pili, tarehe 20 mwezi wa kenda.

Maharagi ya Mama Colette imeota! Mbegu makumi sita, miche makumi tano na saba. Watu wanatoka mpaka Burungu kuja kuiona. Kila mara niko pale karibu ya shamba kuwaelezea. Nawaambia wafikiri vizuri: kama si mimi, leo Mama Colette angekuwa anangoja barua ya Kinshasa. Mimi nilisoma sheria ya bustani, nikaona tundu, nikapita. Mama Colette anasikia na anaendelea kupalilia. Jana alinipa mbegu mbili, akasema nijifunze kutofautisha na magugu. Nimeona ni heshima.

Lakini kitu kubwa ni hii. Kwa nini muntu wa Bihambwe aende kutapika mpaka Bukavu kuona muze? Kwa nini muze isikuwe hapa? Nimeisha kutoa mbuzi mu nyumba yao. Emérita ameziweka mu chumba yangu, tutaongea. Vitu yenye niko nayo: utaya ya ngombe, viota tatu, jiwe moja sawasawa na pua ya muntu, na nyoka mu chupa, lakini chupa ilikuwa ya mafuta na nyoka haionekane. Vibao vyote tayari.

Inakosa nyama moja kubwa, sawa ile tembo, ya kusimamisha ku mulango. Muze bila nyama kubwa si muze.

Karangwa iko na kondoo dume. Muzee kabisa, pembe za kuzunguka mara mbili, kifua sawa ngoma. Na inakohoa.

Siwezi kuomba. Muntu hamuombe jirani kondoo yenye haijakufa. Basi kila asubuyi napita kuuliza hali yake. Napeleka majani laini. Karangwa ameguswa sana, ku kanisa alisimama akasema safari ya Bukavu ilinigeuza moyo, na watu wakapiga makofi. Makofi ya mimi! Emérita hakupiga. Aliniangalia tu, sawa ile okapi.

Leo kondoo imekataa kula na imekohoa mara tatu. Nikamushika Karangwa bega, nikamuambia ndugu yangu, ujikaze. Akaenda mbio kuita veterineri. Nilipobaki peke yangu nikatoa kamba, nikapima. Kondoo, na pembe: meta moja na nusu. Mulango ya muze: meta moja.

Kesho napanua mulango.